'Laha zimefichwa': Kitenzi kimoja kilivyovuruga kikao Kisauni

Msomaji mmoja wa safu hii alinikuta majuzi nikingoja matatu ya kurudi Kisauni, akaniuliza kwa nini siku hizi siandiki tena kuhusu istilahi za kompyuta. Nilimjibu kwamba mada zilikuwa zimejazana. Hilo halikuwa jibu la kweli. Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa na haya, na leo nimeamua kueleza haya hiyo ilikotoka.

Makala haya ni uhakiki wa kijitabu cha kurasa ishirini na kitu, kilichotolewa kwa mashine ya ofisini na kushikwa kwa pini, ambacho kimekuwa kikigawiwa katika mafunzo ya vyama vya akina mama na vijana huku kwetu. Kinafundisha namna ya kutunza hesabu za chama kwa lahajedwali. Sitakitaja jina, wala sitalitaja shirika lililokitoa. Waliokiandika ni vijana wenye nia njema, na isitoshe, Kiswahili chake kilipita mikononi mwangu kabla hakijachapishwa. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Atakayeona nawakosoa wengine kwa ukali akumbuke kwamba najikosoa mwenyewe.

Kwa asiyekaa na vitu hivi kila siku, nieleze kidogo. Lahajedwali ni kile ambacho vijana wa ofisini hukiita Excel, hata pale wanapotumia programu nyingine kabisa. Faili moja huwa na laha kadhaa, yaani kurasa zenye safu na safumlalo za kutilia tarakimu. Chini ya skrini kila laha ina kijilimi chenye jina lake. Ukikibofya, laha hiyo inakuja mbele. Kijilimi hicho siku hizi kinaitwa kichupo, neno ambalo halijapata kunipendeza. Sikio la mtu wa Mombasa husikia kichupa, kile cha mafuta ya nywele. Lakini limekwisha kuzoeleka kwenye vivinjari vya intaneti, na mimi si mtu wa kupigana na mafuriko.

Sasa, faili likiwa na laha nyingi, vichupo hujazana hadi mtu haoni anachokitafuta. Ndipo programu inapompa nafasi ya kuziondoa baadhi ya laha mbele ya macho bila kuzifuta. Unabofya kichupo kwa kitufe cha kulia, unachagua amri, na laha inatoweka. Ukitaka irudi, unabofya tena kichupo chochote kilichobaki, unachagua amri ya pili, na orodha ya laha zilizotoweka inajitokeza ili uchague. Katika Kiingereza cha Excel amri hizo ni "hide" na "unhide". Kijitabu chetu kiliziita ficha na fichua.

Nakumbuka vizuri nilichokiandika pembeni mwa ukurasa huo nilipokuwa nikiuhariri. Niliandika "Safi sana!" na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Nilifurahi kwa sababu ya sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwa kiambishi kimoja hugeuza kitendo kikarudi kilikotoka. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunatega na kutegua, tunakunja na kukunjua, tunachoma mkuki na kuuchomoa. Mwingereza hana mtambo huu. Hana budi kubandika kijisilabi mbele ya kitenzi, na "unhide" yenyewe ni neno ambalo hata yeye hulisikia likikwaruza, kwa kuwa mtu wa kawaida hasemi hivyo akitoa peremende alizowafichia watoto. Sisi tulikuwa na jozi kamili, fupi, ya Kibantu kindakindaki. Nani asingefurahi? Sisi wa rika langu tulikulia katika hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Mwishoni mwa mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ikaja na Kiswahili cha Windows na Office, tulitembea vifua mbele. Hariri, nakili, kata, bandika, hifadhi: maneno yalikaa pale kwenye skrini kama yaliyozaliwa humo. Tangu wakati huo kila jozi nzuri ya istilahi ilikuwa kwangu ushindi mdogo.

Kisha kikaja kikao cha Jumamosi.

Mimi naishi upande wa Mlaleo. Mke wangu ni mwanachama wa chama cha akina mama 32 ambao huchanga kila mwezi, hukopeshana, hutozana faini za kuchelewa, na mwisho wa mwaka hugawana. Mweka hazina wao ni jirani yetu, mama wa makamo, mwalimu wa chekechea, mtu ambaye ukimpa shilingi mia akununulie nyanya za themanini atakurudishia ishirini yako hata kama mvua inanyesha. Alikuwa amehudhuria mafunzo, akapewa kijitabu, akahamisha hesabu zote kutoka kwenye daftari hadi kwenye kipakatalishi cha kuazima. Siku hiyo hesabu za mwaka zilikuwa zisomwe. Mimi nilialikwa kushuhudia, nadhani kwa sababu ni mmoja wa wanaume wachache mtaani wasiodaiwa na mwanachama yeyote.

Mikeka ilitandikwa, projekta ikawashwa, na ukutani zikaonekana laha tatu: Michango, Mikopo na Faini. Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, aliyemaliza kozi ya kompyuta majuzi tu, alikuwa ndiye anayebofya. Mkono wake ukateleza au udadisi wake ukamtuma, sijui, akabofya kitufe cha kulia. Akatazama. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia: "Mama, kuna laha zengine hapa. Zimefichwa."

Kimya. Halafu sauti kutoka nyuma: "Zimefichwa na nani?"

Na nyingine, ya juu zaidi: "Kumbe tumefichwa! Muda wote huu yuwatuficha?"

Mweka hazina alisimama. "Sikuficha kitu mie. Nimeziweka kando tu, zisinichanganye."

Yule kijana, maskini, akadhani anamtetea. "Kitabu ndivyo kisemavyo, Mama. Ni kuficha."

"Basi zifichue tuone!"

Akazifichua. Zilikuwa laha nne. Tatu zilikuwa hesabu za miaka iliyopita, ambazo kila mtu alikwisha kuzisikia zikisomwa. Ya nne iliitwa Dharura. Humo yalikuwamo majina ya wanachama waliowahi kusaidiwa kutoka mfuko wa dharura bila riba, kiasi walichopewa, na mbele ya kila jina sababu. Ya nani mumewe aliachishwa kazi. Ya nani mwanawe alirudishwa nyumbani kwa karo. Ya nani alihitaji nauli ya kwenda hospitali, na maradhi yenyewe. Yote hayo ukutani, kwa herufi kubwa kama kiganja. Kijana alichelewa kuelewa alichokifanya. Mama mmoja alivuta buibui lake, akainuka, akatoka bila kuaga.

Hesabu zilikaguliwa siku ileile. Zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Lakini wanachama wawili hawajarudi tena, na mweka hazina alirudisha kipakatalishi Jumatatu asubuhi.

Nilikaa siku nyingi nikilichambua tukio hilo. Rahisi ni kusema kwamba mama hakufundishwa vizuri, au kwamba kijana hakuwa na adabu. Mimi nilisikia kitu kingine, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kusikia. Nilisikia kitenzi kikifanya kazi yake. Kila aliyezungumza pale alizungumza Kiswahili sahihi, na Kiswahili hicho sahihi ndicho kilichomshtaki mwanamke asiye na hatia.

Tuanze na ficha. Katika Kiswahili mtu haifichi laha tu, humficha mtu. Tunasema "usinifiche", "amenificha ugonjwa wake", "mbona mwatuficha?" Angalia kwamba kitenzi kinampokea moja kwa moja yule asiyetakiwa kujua, kikamweka ndani ya kiambishi cha yambwa, bila hata kuhitaji kauli ya kutendea. Yaani nafasi ya anayefichwa imo ndani ya kitenzi tangu mwanzo, hata pale isipojazwa. "Hide" ya Kiingereza haina nafasi hiyo. Mwingereza akitaka kumtaja mtu huyo, inambidi atafute kihusishi. Ndiyo maana yule mama wa nyuma alivuka kutoka "zimefichwa" hadi "tumefichwa" kwa hatua moja, bila kukata pumzi. Hakuwa anaongeza chumvi. Alikuwa anakamilisha sentensi.

Pili, kijana alisema zimefichwa. Kauli ya kutendwa humdai mtenda, hata usipomtaja, msikilizaji humtafuta, na swali la "na nani?" ndilo linalofuata. Kiswahili kingempa kijana njia nyingine. Angesema zimefichika, au zimefichama, au hazionekani kwa sasa. Kauli ya kutendeka humsahau mtenda na kubakisha hali. Kitu kinaweza kufichika nyuma ya mlango bila kosa la mtu yeyote. Kijitabu hakikumpa chaguo hilo, kwa kuwa mhariri wake hakuliwaza. Mhariri alikuwa akitazama kitenzi kikiwa kimesimama peke yake kwenye safu ya istilahi, kifupi na nadhifu, bila mtu wa kukitamka.

Na fichua? Hapa ndipo ninapojiona mjinga zaidi. Kwa sura ni kinyume cha ficha, sawa na fungua kwa funga. Kwa matumizi si kinyume chake hata kidogo. Hakuna mtu anayefichua sufuria aliyoiweka uvunguni. Fungua ukurasa wowote wa gazeti utamkuta fichua akifanya kazi yake ya siku zote: ripoti imefichua ufisadi, shahidi amefichua njama. Kinachofichuliwa ni uovu, na anayefichua ni adui wa mfichaji. Methali imekwisha kutuambia kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Mfichaji katika methali hiyo hafichui kitu kwa mkono wake, anaumbuliwa. Sisi tukachukua kitenzi cha kuumbua watu, tukakifanya amri ya kawaida ya kurudisha ukurasa mahali pake. Basi mama akitaka kutazama hesabu zake za mwaka juzi, ni sharti ajifichue.

Mpaka hapa nimelaumu neno kwa kushtaki. Lakini lina kosa la pili, linalokwenda upande wa pili, nalo ndilo lililowaumiza wale waliosaidiwa. Neno hili pia hutuliza. Kijitabu, kwenye ukurasa uleule niliousifu, kinamshauri msomaji afiche laha ambazo hataki wengine wazione. Mweka hazina alisoma ushauri huo, akauamini kwa jinsi kitenzi kinavyoaminika. Kilichofichwa hakionekani ila na aliyekificha. Akaweka mle majina na maradhi ya wenzake, akiwa na hakika kwamba amewasitiri.

Hakuwa amewasitiri. Laha iliyoondolewa mbele ya macho kwa amri ile ipo palepale ndani ya faili. Fomula za laha nyingine zinaendelea kuisoma na kuijumlisha. Faili likitumwa kwa WhatsApp, nayo imetumwa. Yeyote mwenye kulipokea anaweza kuirudisha kwa mibofyo miwili, na hata hahitaji kujua ipo, kwa sababu amri ya kurudisha ikiwa hai kwenye menyu, hiyo peke yake inamwambia kuna kitu. Mtu anaweza kuufunga muundo wa faili kwa nenosiri ili amri hiyo ilale, lakini hapo amefunga menyu tu. Data yenyewe haijafumbwa. Kuifumba ni kuweka nenosiri la kulifungulia faili lote, jambo ambalo kijitabu hakikulitaja popote. (Wenzetu wa Tanzania husema nywila. Sina ugomvi nao.)

Programu yenyewe inaungama. Katika Excel laha ina hali tatu, si mbili. Kuna inayoonekana, kuna iliyoondolewa kwa amri ya kawaida, na kuna ya tatu, ambayo watengenezaji waliiita kwa jina la kuchekesha, "very hidden", yaani iliyofichwa mno. Hiyo ya tatu haitokei katika orodha ya kurudisha. Haiwezi kuwekwa wala kuondolewa kwa kubofya kichupo; ni lazima uingie katika dirisha la Visual Basic, wanakoingia waandishi wa programu, ubadilishe sifa ya laha kwa mkono. Mle hali hizo zina namba: -1 ni kuonekana, 0 ni ile ya kawaida, 2 ni ile ya mno. Najiuliza: kama ile ya kwanza ingekuwa kuficha kweli, ile ya mno ingehitajika kwa nini? Na hata hiyo ya mno si kufuli. Mwenye ujuzi kidogo ataifikia.

Msomaji asidhani haya ni matatizo ya chama cha akina mama wa Kisauni peke yao. Mwezi Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini waliombwa na raia, kwa sheria ya haki ya kupata habari, idadi ya maafisa wao kwa kila cheo. Walijibu kwa lahajedwali, likawekwa kwenye tovuti. Jedwali la idadi lilikuwa sawa. Lakini ndani ya faili hilohilo ilibaki laha ya data asili, isiyoonekana kwa haraka, yenye majina ya ukoo, herufi za mwanzo za majina, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi 9,483, yaani polisi wote wa huko na wafanyakazi wao wa kiraia. Katika nchi ambayo polisi wengine hawawaambii hata majirani wanafanya kazi gani, kwa kuogopa kuuawa, orodha hiyo ilikaa hadharani saa kadhaa. Mkuu wa polisi alijiuzulu mwezi uliofuata, na mwaka wa 2024 kamishna wa habari wa Uingereza akawatoza faini ya pauni 750,000. Hapo hakuna aliyekusudia kumficha mtu kitu. Laha ilifichika, haikufichwa. Wangekuwa na kauli ya kutendeka pengine wangeieleza vizuri kuliko walivyoieleza.

Vivyo hivyo na mistari. Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilipoanguka na Barclays ikawa inanunua sehemu ya biashara yake, mawakili wa Barclays waliligeuza lahajedwali la mikataba kuwa hati ya PDF ya kupeleka mahakamani. Mistari 179 ambayo ilikuwa imeondolewa mbele ya macho ikarudi, na mikataba ambayo Barclays haikuitaka ikaorodheshwa kama inayotakiwa. Benki ilirudi mahakamani kueleza kwamba ni makosa. Mawakili wa Manhattan wana Kiingereza kingi tu, na bado "hide" iliwadanganya.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mweka hazina wa chama hajaisoma. Alisoma kijitabu chetu.

Je, lipi badala yake? Nilipowauliza wenzangu chuoni, mmoja alinipa funika na funua, kwa sababu watu husema kufunua kitabu. Ni jozi nzuri na nusura niikubali. Kisha nikasikia masikioni mwangu: funika kombe mwanaharamu apite. Tungekuwa tumetoka mvuani na kuingia baharini. Mwingine alipendekeza sitiri. Hilo ni neno ninalolipenda kuliko yote, na Mswahili wa pwani halitumii ovyo. Stara ni ya mwili, ya nyumba, ya aibu ya mwenzako. Kwa laha ya Dharura ndilo neno lililokuwa moyoni mwa mweka hazina. Lakini ni ahadi kubwa mno kwa amri ambayo mtoto wa shule anaitengua. Kumwambia mtu amesitiri asichokisitiri ni kurudia kosa langu kwa neno tamu zaidi.

Jibu nadhani lilikuwa chini yetu siku ile, tumelikalia. Mkeka hukunjwa. Ukikunjwa, umeegemezwa ukutani, hauonekani maua yake, hauchukui nafasi, na hakuna mgeni anayeuliza umefichwa na nani. Kila mtu anajua upo. Anayeutaka anaukunjua. Kunja na kukunjua ni kauli ileile ya kutendua iliyonipumbaza, ila hapa jozi imetulia pande zote mbili: kukunjua hakumuumbui mtu. Na kuna faida ya pili, kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayefungia dhahabu katika mkeka uliokunjwa. Neno lenyewe linamwonya. "Kunja laha" humwambia mtumiaji ukweli wa kile programu inachokifanya, na humkataza, bila kusema, kutia humo siri za watu.

Najua pingamizi lake. Katika programu hizohizo kuna amri ya kukusanya mistari ya kikundi kwa alama ya kutoa na kuitawanya kwa alama ya kujumlisha, na wafasiri wengine watataka kunja iende huko. Waichukue kwa mistari pia. Tendo ni lilelile na mkeka una pande nyingi. Ficha tuibakishe kwa ile hali ya tatu, iliyo nadra, ambapo kweli kuna mtu anayekusudia mwingine asione. Na kwa siri za watu kitenzi kiwe funga, kwa nenosiri, katika faili lake peke yake. Hapo kijitabu kingeongeza aya moja tu, na aya hiyo ndiyo niliyopaswa kuidai badala ya kupiga mistari miwili chini ya "Safi sana!"

Kuna jambo moja linaloniuma bado. Mweka hazina aliposimama pale alisema "nimeziweka kando". Hakuwa amesoma isimu. Aliombwa atumie neno letu, akalikataa papo hapo, mbele ya watu, kwa kuwa alijua halielezi alichokifanya. Akatoa la kwake, la kawaida kabisa, nalo lilikuwa sahihi kuliko langu. Hakuna aliyemsikiliza, pamoja na profesa aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake. Sisi tunaounda istilahi huulizana wenyewe kwa wenyewe, hufungua kamusi, hulinganisha na Kiarabu na Kiingereza, kisha huwapelekea watu neno likiwa limekwisha kupikwa. Ni mara chache tunamkalisha mtu mbele ya skrini na kumuuliza: hapo umefanya nini? Nimewafundisha wanafunzi wa uzamili kwa miaka mingi vigezo vya istilahi bora, na hicho hakikuwamo katika orodha yangu.

Nimewapelekea wale vijana masahihisho ya ukurasa huo. Wameyapokea, ingawa nakala zilizokwisha kutoka haziwezi kurudishwa. Nilikwenda pia kwa mweka hazina, nikamweleza habari ya kitenzi, ya mkeka, na sehemu yangu katika yote hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, huku akimenya viazi.

"Basi hilo kunja, Profesa," akasema, "ungeniandikia mapema."

Chama kimemrudisha katika cheo chake. Amekubali kwa sharti moja, kwamba hesabu zirudi kwenye daftari. Nililiona juu ya meza, jeusi, lenye jalada gumu, na yeyote aweza kulifunua. Nikamuuliza majina ya dharura ameyaandika wapi.

"Hayo yana daftari lake," akasema. "Na hilo halitoki nyumbani."